Moto wa Makokha

Mmeniuliza nyote, na kila mmoja nimemjibu robo. Fundi mwenzangu hapa karakana nilimwambia nilikwenda kuona watu. Mke wangu nilimwambia zaidi kidogo. Na nyinyi watatu mnaokuja kusali nami sebuleni, mliokaa Siku ya Upatanisho bila mimi, nyinyi sikuwaambia kitu, kwa sababu niliona haya. Sasa nimekaa. Nitaandika yote mara moja, msome mkipokezana, kisha mniache nishone makochi yangu.

Kwa asiyejua: mimi ni mtu wa milima ya Mbale, upande wa Uganda, katika wale weusi walioshika Torati tangu enzi za babu zetu, wakaitwa Abayudaya, yaani Wayahudi. Serikali ya wakati ule ilipopiga marufuku sala zetu, nilivuka mpaka kwa miguu, nikafika nchi ya miwa kati ya Kakamega na Mumias. Mzee Makokha na mkewe Mama Rasoa wakanipa kibanda na kazi ya kupalilia. Niliwaambia mimi ni Msabato, maana Jumamosi sikushika jembe, na uongo huo ulikuwa mwepesi kuubeba.

Mwaka wangu wa pili kwao, Siku ya Upatanisho, nilijificha katikati ya miwa yao nisali. Hakuna aliyenikataza, ni woga tu niliotoka nao kwetu. Niliwasha koroboi kwa ajili ya marehemu mama yangu, kama ilivyo desturi, taa iwake toka jua kutua mpaka jua kutua tena. Kesho yake mchana, njaa ikanilaza. Nilipozinduka koroboi ilikuwa imelala ubavu na majani makavu ya miwa yanawaka. Nilikimbia. Shamba lote liliteketea, na kwa kuwa Mzee Makokha alikuwa mvuta kiko, hakuna aliyemtafuta mtu mwingine. Mama Rasoa alimwambia mbele ya majirani maneno ambayo mume haambiwi. Mzee aliapa kwamba hakuwasha kiko siku ile. Watu wakauita moto wa Makokha, na jina likakaa. Mimi nilikuwa palepale, nimeshika tawi la kuzimia moto, nikanyamaza. Mwezi haukuisha nikaja Nairobi.

Mnajua sheria yetu. Siku ile inafuta makosa ya mtu na Mungu wake. Ya mtu na mtu haifuti, mpaka umwendee uliyemkosea, umwambie ulichofanya, umwombe hata mara tatu. Miaka saba nimefunga nikijua funga yangu imetoboka. Mwaka huu nikasema namfuata Makokha.

Gari la moshi, mpaka Lugari

Kulipopambazuka tulikuwa tumesimama juu kule Timboroa, ndani ya ukungu mzito, tukingoja gari la mizigo litupite. Tulingoja asubuhi karibu yote. Ukungu uliingia madirishani, ukakaa nasi kwenye viti, na watu waliokuwa wakipiga kelele toka Nairobi wakaanza kusema polepole, kama walio msibani. Nje sauti za wauza maziwa zilikuja bila wenyewe kuonekana. Nilinunua kikombe kutoka kwa mkono tu. Uso sikuuona mpaka leo.

Mbele yangu alikaa mama mmoja wa Bungoma, mwenye kikapu cha mihogo ya kuchemsha na macho yasiyopumzika. Alinitazama kwa muda, akakata shauri.

"Wewe unaenda kuposa," akasema.

"Kwa nini, Mama?"

"Toka usiku midomo inatembea tu. Mwanaume akikuwanga hivyo anaenda kwa baba ya msichana, na anaogopa."

Kweli nilikuwa nikijifunza maneno ya kumwambia Makokha. Nilikuwa nimeyapanga na kuyapangua toka Nakuru. Nikamjibu kwamba ni jambo linalofanana na hilo.

"Basi sikia. Watu hawaanzangi na maneno. Ingia, weka sukari kwa meza, kaa kimya. Watauliza wenyewe." Akanipa muhogo, akanitazama nikiula mpaka mwisho. "Na usiseme mambo mengi. Wazee hawapendangi kijana ya mdomo."

Nina miaka arobaini na moja na watoto wanne, lakini nikashukuru kuitwa kijana. Ukungu ulipoinuka tulianza kuteremka, na nchi ikafunguka chini yetu kijani kibichi, na mimi nikaona kana kwamba ninakwenda kuposa kweli, na kwamba mambo yatakwisha kwa chai. Ndoto za mchana ndizo hizo. Aliposhuka pale Lugari kununua ndizi, mimi nikashuka kabisa, na hakuniona nikimuaga.

Chekalini, kwa Shikuku

Nilikuwa nimesikia kwamba baada ya moto Mzee Makokha aliacha nyumba yake akaenda kuishi kwa mdogo wake, Shikuku, kule Chekalini. Nilifika jua likiwa kali. Shikuku alikuwa uani akipukusua mahindi, mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, na hakunikumbuka mpaka nilipomwambia mimi ni yule Msabato.

"Mulembe," akasema. "Musabato wa Makokha. Umekuja kuona nani?"

"Yeye mwenyewe."

Akaendelea kupukusua gunzi lile mpaka likaisha. Kisha akaniambia kwamba Makokha alikufa, sasa ni mwaka wa pili. Alipougua alitaka arudishwe kwake, akarudishwa, na kaburi liko pale nyumbani, mbele ya nyumba.

Nilikaa chini nikaanza kupukusua naye. Nawaambia ukweli: kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa nafuu. Aliyekuwa anichukie hayupo. Aibu ilikuja nyuma yake, polepole, ikiwa nzito zaidi kwa sababu ya ile nafuu.

"Ile moto ilimmaliza," Shikuku akasema. "Si moto yenyewe. Maneno. Alikuwanga anakaa hapo kwa ile gogo, kiko kwa mdomo, na hakuna tumbaku ndani. Miaka tano. Nikimwambia, Makokha, weka tumbaku basi, anasema, nikiwasha wataniona."

Mke wa Shikuku akaleta obusuma, ugali wa kwao, na mboga za mrenda. Nilikula kwa sababu kukataa kungekuwa kosa jingine juu ya kosa.

Kwetu, aliyekosewa akiwa amekufa, sheria haijafunga mlango. Unachukua watu kumi, unakwenda nao kaburini, unasimama bila viatu, unasema kwa sauti: nimemkosea Mungu wa Israeli, na nimemkosea fulani, hivi na hivi. Nilijua sheria hiyo toka utoto. Sikuwahi kuwaza kwamba itanihusu, na sasa nilikuwa na siku tatu, na watu wetu wa karibu wako ng'ambo ya mpaka.

Kwa lori, mpaka mjini

Shikuku alinitafutia lori lililokuwa likipeleka mahindi Kakamega. Gurudumu lilipasuka kwenye msitu wa Malava, na la akiba nalo lilikuwa halina upepo. Dereva akalichukua begani akaondoka nalo kutafuta pampu, akaniachia ulinzi wa magunia.

Nilikaa pale saa nyingi. Miti ilikutana juu ya barabara, na mwanga ulishuka vipande vipande, ukihama taratibu juu ya magunia. Nyani wakaja, wakakaa upande wa pili, wakanitazama. Sikuwafukuza wala hawakuiba. Nikawa ninawasemea yale maneno niliyomwandalia Makokha, yote toka mwanzo, kwa kuwa hayakuwa tena na mwenyewe. Mmoja mzee alijikuna akasikiliza. Nilipofika kwenye neno koroboi sauti ikanikauka, hata mbele ya nyani, nikajua bado sijawa tayari. Dereva aliporudi alinikuta ninalia kidogo, akadhani nimeogopa msitu.

Kakamega mjini kulikuwa kumechangamka kwa neema ya miwa. Wale mliopita huko miaka hii hamhitaji kuambiwa: baiskeli mpya zenye godoro limefungwa nyuma, redio zikiimba kwenye kila mlango, wakulima wamevaa makoti kwenye jua kwa sababu makoti ni mapya. Nilipata chumba cha kulala Shirere. Kesho yake niliingia duka moja kununua viatu vya mpira, maana siku ile hatuvai ngozi, na sukari kilo mbili kwa ushauri wa mama wa Bungoma. Mwenye duka alikuwa mzee wa Mumias. Aliona kofia yangu ya sala, akanidhani Mwislamu mwenzake, akanisalimia, "Asalamu aleikum," nami nikajibu kama inavyopasa. Akaagiza niletewe kahawa.

Nilipomweleza kwa nini nataka mpira na si ngozi, kwamba nitafunga siku nzima, akaweka kikombe chini.

"Ramadhani ilishapita. Unafunga ipi?"

"Funga ya watu wa Musa, Mzee."

Akafikiri. "Ile sisi tunayo. Kumi ya Muharamu." Akahesabu kwa vidole, akakuta mwezi hauingiani, akatikisa kichwa. "Wewe kalenda yako imepotea, lakini nia ni nzuri." Akanifungia viatu kwa karatasi, akaniombea dua ndefu kwa ajili ya safari, nami nikaitikia amina, na mpaka leo sijui aliniweka katika dini gani.

Juu ya trela tupu

Kesho yake, asubuhi ya kuamkia siku yenyewe, nilipanda trela tupu la miwa lililokuwa linavutwa na trekta iliyotoka kutengenezwa mjini. Nilisimama ndani nimeshika vyuma, nikitazama nje kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Kila tulikopita ilikuwa miwa, pande zote mbili, juu kuliko kichwa, na ile iliyokomaa imetoa maua meupe yanayoinama upepo ukipita. Harufu ya molasi ilitoka kiwandani mbali huko ikalala juu ya kila kitu. Nilikuwa nimeisahau harufu hiyo. Inaingia puani tamu, halafu inakaa kooni kama kitu kilichoungua.

Mama Rasoa alikuwa mbele ya nyumba akianika mtama. Alikuwa amezeeka kwa mashavu tu. Mgongo ulikuwa wima vilevile. Kando yake, hatua kama kumi kutoka mlangoni, kaburi la Makokha limepandwa maua ya manjano. Alinitambua kabla sijafika.

"Musabato," akasema. "Umekonda. Nairobi hakuna chakula?"

Niliweka sukari mezani. Nilikaa kimya, kama nilivyofundishwa, lakini yeye hakuuliza kitu. Aliniambia habari za ng'ombe, za binti yake aliyeolewa Shieywe, za miwa ya jirani iliyoungua juzi na jinsi wakataji walivyoletwa haraka kabla sukari haijaharibika. Alipotaja kuungua nikapiga magoti.

"Mama, nimekuja kukuomba msamaha."

Akaniziba mdomo kwa kiganja. Kilinuka mtama.

"Nyamaza. Usimalize."

"Mama, lazima—"

"Nimesema usimalize. Wewe umeenda hospitali, wamekwambia nini?"

Sikuelewa. Akaondoa mkono, akakaa, akanieleza kwa sauti ya chini, huku akitazama kaburi. Makokha aliporudishwa nyumbani alilala wiki tatu, hali wala hasemi, wala roho haitoki. Watu waliomba, wapi. Siku moja akamwita. Akamwambia, Rasoa, nisamehe ile moto. Yeye akamjibu, nimekusamehe. Makokha akasema asante. Ng'ombe hawakuwa wamerudi nyumbani, na alikuwa ameshakwenda.

"Ni mimi nilimfungulia mlango," akasema. "Alikuwa anangojanga hilo neno. Sasa mtu anatoka Nairobi, amekonda, anapiga magoti, anataka nimwambie hilo neno. Mimi sisemi. Rudi uone watoto wako kwanza."

Hapo ndipo nilipojua ubaya wa nilichofanya. Nilidhani nimemwachia Makokha lawama. Kumbe nilimwachia kuomba radhi kwa kosa langu, akiwa anakufa, na mkewe akamsamehe, na msamaha huo ndio kitu pekee kizuri alichobaki nacho Mama Rasoa. Nikimwambia ukweli namnyang'anya. Nisipomwambia, nimekuja kufanya nini? Na nikiri hili pia: alipoziba mdomo wangu nilishukuru. Nilitaka msamaha utangulie na kosa lifuate, kama mtu anayetaka kuvuna ndipo apande.

Alinipa kuku. "Musabato anachinjanga mwenyewe," akasema, akanipa na kisu, kwa kuwa hakuwa amesahau hata hilo. Nilichinja kwa taratibu yetu, akapika, tukakaa kula jua likiwa bado juu, maana nilimwambia likitua sitaonja hata maji. Akaniwekea sahani. Juu ya nyama, katikati kabisa, aliweka firigisi.

Nyinyi wa pwani na wa Ukambani huenda hamjui. Kule kwao firigisi ya ingokho, yaani ya kuku, ni ya mwenye nyumba. Mgeni anaweza kupewa mapaja yote mawili, lakini firigisi ni ya mume, na asipokuwepo hungoja. Nilijua, na yeye alijua ninajua.

"Hakuna mtu wa kula," akasema. "Kula."

"Mama, kabla sijala, naomba tena—"

"Kula, nimesema."

Hiyo ilikuwa mara ya pili. Nilikula fungu la Makokha mbele ya kaburi lake, nikalisikia jua likiniishia mgongoni, na sijawahi kumeza kitu kigumu namna hiyo.

Siku yenyewe

Siku ile sikwenda popote, lakini nawaambia ndiyo iliyokuwa safari ndefu kuliko zote. Niliamka nikavaa nguo nyeupe na viatu vya mpira, nikasimama nyuma ya nyumba, wazi, pasipo miwa ya kunificha. Watu wawili waliopita njiani walinisalimia kwa heshima, wakimwambia Mama Rasoa kwamba wamefurahi amepata nabii. Kule yako makanisa yanayovaa meupe na kupiga ngoma, wakanihesabu humo.

Nilisoma maungamo. Mnajua kila kosa linatajwa na ngumi inagonga kifua: tumekosa, tumedanganya, tumenyamaza. Nilikuwa nimegonga labda mara ishirini Mama Rasoa alipotokea na sufuria ya majani ya mkaratusi inayofuka mvuke, na blanketi.

"Nilijua ni kifua," akasema. "Inama ujifukize."

"Siumwi, Mama. Ni sala."

"Sala gani unajipiga? Inama."

Nikainama. Nilisoma maungamo yaliyobaki nikiwa ndani ya blanketi, natiririka jasho, na yeye akiwa amenishikilia mabega nisikimbie. Sikunywa, kwa hiyo sikuvunja funga. Lakini mvuke, njaa na ile harufu tamu ya kiwandani vilichanganyika kichwani, na nilipotoka mle ulimwengu ulikuwa umelegea. Miwa ilikuwa inapumua. Maua meupe yaliinuka na kushuka yote pamoja. Makokha alikuwa amekaa kwenye kaburi lake, kiko mdomoni hakina tumbaku, akinitazama bila hasira, kwa uchovu tu, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kufunga viatu waondoke. Sisemi kwamba nilimwona. Nasema alikuwa pale.

Alasiri mawingu yakajikusanya. Mama Rasoa alikuja kuanua mtama, nikamsaidia, na tulipokuwa tumeshika mkeka kila mtu upande wake, nikasema. Safari hii sikuomba kwanza.

"Mama, moto ule niliuwasha mimi."

Hakuachia mkeka.

"Sema tena."

"Sikuwa Msabato. Mimi ni Myahudi. Siku kama ya leo nilijificha katikati ya miwa yenu nikasali, nikawasha koroboi ya marehemu mama yangu, nikalala, ikaanguka. Mzee hakuwasha kiko. Alisema kweli."

Mvua ilianza, matone makubwa ya mbalimbali. Alikunja mkeka upande wake mpaka tukakutana, akanipokonya, akauweka chini ya paa. Kisha akarudi akasimama mbele yangu, mvua ikimpiga.

"Sasa kwa nini aliniomba?" akauliza. "Kama hakufanya, kwa nini aliniomba?"

"Sijui, Mama."

"Alichoka," akajijibu. "Alichoka kuapa." Akanipiga kofi moja, la mkono mzima, halafu akaketi chini kwenye matope na kulia. Nilitaka kumwinua, nikaona mkono wangu si wa kumwinua. Nikaketi na mimi.

Mvua ikazidi, na kutoka shamba la jirani wakataji wakaja mbio na mapanga yao kujisitiri barazani. Walikuwa weusi kwa masizi ya miwa iliyoungua toka utosi mpaka vidole, macho tu ndiyo meupe. Wakatukuta mwanamume wa nguo nyeupe na mama mwenye nyumba wamekaa kwenye matope mbele ya kaburi. Wakavua kofia. Niliwahesabu bila kutaka. Walikuwa tisa.

Kwa kawaida jambo hili hufanywa kabla ya siku, na kumi hao huwa ni watu wetu. Nyinyi watatu mtasema haikutimia. Mimi nilisimama, nikavua viatu, nikamwambia kiongozi wao, mtu mmoja mrefu mwenye sauti ya kanisani, kwamba nahitaji mashahidi kumi wasimame nami kaburini. "Nyinyi ni tisa."

"Tuimbe wimbo gani?" akauliza.

"Hakuna wimbo. Kusimama tu."

Wakasimama. Mvua ikawaosha masizi, yakateremka mashavuni na vifuani kwa michirizi, yakaingia kwenye udongo wa Makokha. Mama Rasoa hakuwa ameinuka. Nilingoja. Nyuma yangu nikasikia anakuja, akasimama mwisho wa mstari, wakawa kumi.

Nikasema: "Nimemkosea Mungu wa Israeli, na nimemkosea Makokha. Nilichoma miwa yake nikamwachia moto uitwe jina lake. Alisema kweli, na mimi nilimsikia akisema kweli, nikanyamaza." Wakataji waliitikia amina bila kuambiwa. Nilirudia mara tatu, na mara ya tatu yule kiongozi akasema kwa sauti, "Kumbe haikuwa Makokha," na mwingine akasema, "Haikuwa yeye," na nikajua kesho kijiji chote kitakuwa nalo.

Halafu Mama Rasoa akasema, si kwetu. "Makokha. Nilikusamehe kitu hukufanya, na ukanishukuru. Ulinishukuru." Akapangusa mvua usoni. "Sasa ni mimi naomba." Akainamisha kichwa, kama anayengoja mtu amalize kufikiri. Hakuna kilichojibu ila mvua. Wakataji wakabaki vichwa wazi mpaka alipogeuka mwenyewe.

Jua lilipotua mvua ilikuwa imekatika na wakataji wamekwenda. Nilisali sala ya kufunga mlango, ile ya kumalizia siku, nikiwa peke yangu. Nilipomaliza alinikuta na bakuli la uji, hakulitia sukari niliyoleta, akalishika bila kunipa.

"Mama," nikasema, "hii ni mara ya tatu. Sheria yetu inasema mara tatu. Nisamehe."

"Hiyo ni sheria yako." Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka tu. "Mimi hilo neno nimelisema mara moja kwa maisha yangu, na nilimwambia mtu ambaye hakunikosea. Silisemi mbio tena. Utakuja mwaka ujao na hiyo funga yako, usimame hapo tena, uniombe. Na mwaka ule mwingine. Nitaangalia moyo yangu."

Nikamwambia barabara ni ndefu na mimi si kijana. Nikamwuliza, itakuwaje nikifa kabla?

Akaniwekea uji mkononi.

"Hutakufa," akasema. "Sijakusamehe."